Kiti cha Dar (9): Baada ya Kutua

Mkono wa Fadhila ulikuwa bado umeganda juu ya kibodi, pale pale tulipouacha Jumamosi iliyopita. Hedifoni masikioni. Rekodi ilikuwa imefika dakika ya kumi na moja, na ndani ya ule mvumo ulioziba masafa ya Dar siku ya tamasha, sauti ya mwanamke ilikuwa imesema maneno matano.

"Baba Shamsia, njoo, wali unapoa."

Akairudisha. Akasikiliza tena. Mara ya tatu akaongeza sauti mpaka masikio yakauma. Hakuwa amekosea.

Katika jumuiya nzima ya Anga Pepe, kuanzia Entebbe mpaka Unguja, Baba Shamsia aliyemjua alikuwa mmoja. Bilali, fundi friji wa Kisarawe. Mwalimu wake.

Kwa aliyelikosa gazeti, mambo ni haya. Anga Pepe ni watu wazima wenye kazi zao, kila mmoja na kompyuta yake nyumbani. Wengine wanarusha ndege za kwenye kioo, wengine wanaziongoza kwa sauti kama waongoza ndege wa kweli. Abiria hakuna, mafuta hakuna. Lakini kanuni zipo, mitihani ipo, na viti vya kuongozea vipo. Kwetu kiti kikubwa ni cha Dar, na Fadhila, karani wa masijala hapa Kibaha, mke wa Hashiru na mama wa watoto wawili, alikuwa amekisomea miezi kumi na moja. Kila jioni, akishaosha vyombo, anafunga mlango wa chumba na kuongoza ndege. Kilikuwa kitu pekee maishani mwake ambacho si cha mume, si cha watoto, wala si cha mwajiri.

Sasa kilikuwa kinaondoka. Siku ya tamasha, wanachama wote wakirukia Dar kwa pamoja, ndege yenye namba yake ilitua Dar, ikasimama katikati ya njia ya kurukia na kuacha maiki wazi kwa dakika kumi na nne. Na mtu akiacha maiki wazi, masafa yote yanaziba, wengine wakisema hawasikiki. Ndege arobaini na tatu zilibaki zinazunguka kama kuku waliofungiwa nje. Tamasha likavunjika.

Fadhila siku hiyo alikuwa Mlandizi kwenye kicheni pati, kompyuta yake imezimwa. Lakini nani atamwamini? Kikao kilikuwa leo, saa kumi alasiri. Akikutwa na hatia, namba yake inafungwa maisha.

Na kulikuwa na jambo baya zaidi. Kwenye barua ya kujitetea alikuwa ameandika: Sijawahi kumpa mtu yeyote neno langu la siri.

Uongo. Mwezi wa pili bando lilimkatikia akiwa na ndege tano mkononi. Badala ya kuziacha angani bila mtu, alimpigia Bilali, akamtajia neno la siri kwenye simu, na Bilali akamshikia kiti dakika tisa. Nyie mnaoendesha ndege za kwenye kioo mtamwelewa. Sisi wengine tutamshangaa.

Kanuni ya kwanza ya Anga Pepe inasema anayetoa neno la siri anakaa nje miezi sita, na mtihani wake unafutwa. Mtihani wa kiti cha Dar ulikuwa Jumamosi ijayo.

Fadhila akavua hedifoni. Saa ilikuwa tano na nusu asubuhi.

"Baba," akamwambia Hashiru, "ndizi ziko jikoni. Zikichemka toa."

"Unakwenda wapi?"

"Kisarawe."

"Kufanya nini Kisarawe?"

"Kumuua mtu."

Hashiru akarudi kwenye gazeti lake. "Usichelewe," akasema.

*

Hemedi, dereva wa bodaboda pale mtaani kwao Mkuza, alimjua tangu zamani. Wakashika lami mpaka Kiluvya, wakaingia njia ya vumbi.

"Dada Fadhila, kuna msiba?"

"Hapana."

"Maana unanifinya bega."

"Endesha, Hemedi."

"Naendesha. Ila bega ni langu."

Njia nzima Fadhila alipanga maneno. Nilikuamini. Nilikupa paswedi kwa ajili ya ndege tano, siyo uje unizike. Kwa nini? Unakitaka kiti wewe? Si ungesema? Aliyapanga, akayapangua, akayapanga upya, na kila tuta lilimtoa nusu ya sentensi.

Alipogonga mlango wa Bilali, akafungua mwanamke.

"Fundi hayupo. Kaenda Kibuta kwenye friji ya soda ya mtu. Kama yako haigandishi iache hapo barazani, andika jina."

"Sikuja na friji."

Mwanamke alikuwa ameshageuka. Akasimama. Akarudi taratibu, akamtazama Fadhila kuanzia viatu vilivyojaa vumbi mpaka ushungi.

"Hebu sema tena."

"Nimesema sikuja na friji."

"Wewe ndiye Fadhila." Akafuta mikono kwenye kanga. "Sauti hiyo naijua kuliko ya dada yangu. Mimi Mwamini, mama Shamsia. Ila nilidhani mwembamba."

"Kwenye maiki wote tunapungua."

Mwamini akacheka kidogo, akajizuia. Akamkaribisha sebuleni. Friji tatu zilisimama milango wazi, matumbo nje. Kwenye kona ilikuwepo kompyuta, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama televisheni ya harusi, na kiti chake mbele.

Fadhila hakukaa kwenye kochi. Alikaa kwenye kiti kile. Akatoa simu, akaiweka mezani.

"Sina muda wa mzunguko, mama Shamsia. Saa kumi nahukumiwa. Sikiliza hii."

Mvumo. Kimya. Mvumo. Kisha: Baba Shamsia, njoo, wali unapoa.

"Ni mimi," alisema Mwamini.

"Vizuri. Kwa hiyo mumeo alikuwa kwenye kompyuta, amefungua kwa namba yangu, na wewe ukamwita kula."

"Baba Shamsia ndivyo alivyokwambia?"

"Sijaongea naye."

"Basi ongea naye." Mwamini akanyanyuka kwenda jikoni, kama mtu aliyekumbuka sufuria.

Fadhila akaicheza tena rekodi. Nyumbani Mkuza alikuwa amesikiliza maneno. Sasa, akiwa amekaa kwenye kiti chenyewe na mlango wa jikoni akiuona kwa macho, akasikiliza sauti.

Miezi kumi na moja ya kusikiliza watu kwenye maiki inamfundisha mtu mambo. Anayeita kutoka chumba kingine sauti yake hufika imetawanyika, imegonga kuta njiani. Hii ilikuwa kavu. Ilikuwa imejaa, na kabla ya neno "njoo" pumzi ilisikika ikivutwa.

Haikutoka jikoni.

"Mama Shamsia," akaita. "Siku ile ulikuwa umekaa wapi?"

Jikoni mfuniko uliwekwa chini polepole.

"Hapo hapo ulipokaa," Mwamini akajibu.

*

Mwamini alirudi na kusimama mlangoni, mwiko mkononi.

"Piga kelele kama unataka. Majirani hawapo."

"Kwa nini?" Fadhila hakupiga kelele. "Ulidhani natembea na mumeo?"

"Wewe na yeye?" Mwamini alikunja uso. "Ningekuwa nadhani hivyo ningekuja Kibaha na hii." Akauinua mwiko. "Miezi kumi na moja nakunja nguo kwenye hilo kochi nawasikiliza. Shuka futi elfu mbili. Geuka kushoto. Subiri. Mapenzi gani hayo?"

"Basi kwa nini?"

"Nilitaka kutua."

Fadhila alimtazama.

"Mara ngapi nimemwambia, baba Shamsia, na mimi nijaribu. Ananijibu hii si ya kuchezea. Friji za watu naruhusiwa kuzishika, nachomelea mpaka gesi naweka, kompyuta haiguswi. Siku ile alikuwa barazani na friji ya mteja. Nikakaa. Nikabonyeza alipokuwa anabonyeza yeye, ikafunguka kwa namba yako, sijui kwa nini."

Fadhila alijua kwa nini. Dakika tisa za mwezi wa pili. Kompyuta ilikuwa imelihifadhi neno la siri, na hakuna aliyejisumbua kulifuta.

"Nikaruka kutoka Mafia, ni karibu. Yule mwanaume wa Arusha akawa ananiita, nikamjibu kama mnavyojibu nyie."

"Brighton mwenyekiti? Hakushtuka kwamba si sauti yangu?"

"Niliiga yako." Mwamini akaiga pale pale, neno moja moja, ule uzito wa puani na ule mkato wa mwisho. Kwa Fadhila ilikuwa kama kujisikia mwenyewe kwenye chumba cha pili.

"Ukatua."

"Nikatua."

"Kwa upepo ule? Siku ile upepo ulikuwa unapiga ubavuni. Ndege nane zilishindwa, zikapaa tena. Zinaendeshwa na watu wenye uzoefu wa miaka sita."

"Sikujua. Hakuna aliyeniambia ni vigumu."

Fadhila alitaka kukasirika na hasira ikawa inateleza. "Sasa mbona ukasimama katikati? Ungetoka njiani. Unakata kushoto, unaondoka, basi."

Mwamini akaangalia mwiko wake.

"Sikujua kinachofuata," alisema. "Kila siku mkifika pale, gurudumu likigusa chini, mimi hunyanyuka kwenda kupakua chakula. Miezi kumi na moja. Naijua safari yote mpaka hapo. Baada ya hapo sijawahi kusikia."

Nje jogoo wa mtu aliwika saa mbaya.

"Nikakaa. Kitufe cha maiki nilikibonyeza kikagoma kurudi. Watu wanaunguruma kwenye hedifoni, siwaelewi. Nikamwita baba Shamsia aje. Lakini ningemwambia nini, njoo nimeiba ndege? Nikamwambia wali unapoa. Hakusikia. Mwisho nikachomoa waya, nikafunika kitambaa, nikapakua."

"Hujamwambia mpaka leo."

"Wewe ungesema?"

Fadhila akausogeza mkoba wake chini ya kiti, maana barua yake ya uongo ilikuwa humo, nakala mbili.

*

Bilali aliingia saa tisa na nusu, mikono na grisi, akaona wanawake wawili na kompyuta iliyovuliwa kitambaa. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kufikiri huku akijikuna kisigino. Walimwambia yote. Alijikuna kisigino muda mrefu.

"Hii haina shida," akasema hatimaye.

"Haina shida?" Fadhila alisimama. "Nimebakiza nusu saa."

"Sikiliza, dada Fadhila. Ukisema ulinipa paswedi, mtihani umekwenda. Sasa usiseme. Sema Mwamini aliiona kwenye daftari langu la mafunzo, akaiiba. Wewe msafi, mimi msafi. Mwamini si mwanachama, hana namba, watamfungia nini?"

"Mimi nibebe wizi," alisema Mwamini.

"Wizi wa jina tu, mama Shamsia. Hawakujui. Watu wa Kigali huko, watakuona wapi?"

"Mimi nitajiona."

"Hukutua na ndege? Hukuziba masafa?"

"Nilitua. Sikuiba."

Bilali akamgeukia Fadhila kana kwamba mkewe ametoka chumbani. "Miezi kumi na moja, dada. Saa mia moja na ishirini nimekusainia. Uzitupe kwa sababu ya neno moja?"

Tusimsingizie Fadhila utakatifu. Alilipima. Akaona kiti cha Dar, Jumamosi ijayo, sauti yake ikizipokea ndege za Nairobi na Kigali. Akaona kwamba sentensi moja tu inatosha, na kwamba anayeumizwa hamjui, wamekutana leo adhuhuri.

Mwamini hakumbembeleza. Alikuwa amekaa mkono wa kochi, anakunja nguo.

Simu ikaita. Saa kumi kamili.

*

Angani Anga Pepe wanatumia Kiingereza na namba. Vikaoni wanatumia Kiswahili, hiyo ni amri ya Brighton mwenyekiti. Sauti yake ya Arusha ilijaza sebule, kavu kama risiti.

"Fadhila, wajumbe watano wanakusikia. Sina hotuba. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye kiti cha Dar siku ile, nimepiga kelele mpaka koo likafunga. Swali moja. Ulimpa mtu neno lako la siri? Ndiyo au hapana."

Bilali alitikisa kichwa. Hapana, hapana, sema hapana.

"Ndiyo," alisema Fadhila.

Bilali akafumba macho.

"Mwezi wa pili. Bando lilikatika, nilikuwa na ndege tano. Mwalimu wangu alinishikia kiti. Kompyuta yake ikahifadhi, na siku ya tamasha mtu wa nyumbani kwake akafungua, namba yangu ikaja yenyewe. Hakuiba. Hakukusudia kuziba masafa, kitufe kiligoma. Barua niliyowaandikia ni ya uongo. Naifuta."

Mtu wa mbali alikohoa.

"Kanuni ya kwanza unaijua," alisema Brighton.

"Naijua."

"Miezi sita nje. Mtihani umefutwa."

"Sawa."

"Kufungiwa maisha hakuna, kwa kuwa si wewe." Sauti ilishuka kidogo. "Na saa zako mia moja na ishirini zinabaki. Ukirudi unaanzia ulipoishia. Wengi walisema utakataa mpaka mwisho. Nashukuru."

Fadhila aliachia pumzi aliyoibeba tangu Mkuza. Miezi sita. Mtoto anaota meno kwa miezi sita. Angeweza kusubiri. Akamwona Mwamini ameacha kukunja nguo, anamtazama kwa namna mpya.

"Tumalize," Brighton akasema. "Na mwalimu naye ana adhabu yake. Mtajie katibu jina aandike."

"Bilali, wa Kisarawe."

Brighton hakumwacha katibu aandike.

"Rudia."

"Bilali. Fundi Bilali."

"Fadhila." Karatasi zilisikika zikifunuliwa. "Angani tunaitana kwa namba, lakini namba zina wenyewe. Mwalimu aliyesaini saa zako, saa zote mia moja na ishirini, kwetu ameandikwa Husseini. Bilali ni nani?"

Fadhila aligeuka. Bilali alikuwa ameacha kujikuna.

"Husseini yupi?" Mwamini aliuliza taratibu. "Nauliza Husseini yupi, baba Shamsia. Mdogo wangu? Husseini wangu aliye Muscat mwaka wa nne huu, aliyetuachia kompyuta hii? Si uliniambia aliiacha kwa kuwa ndege zilimchosha?"

Bilali aliziba simu kwa kiganja chenye grisi. "Namba yangu walinifungia zamani," alimnong'oneza Fadhila. "Husseini alikuwa anaondoka, nikatumia yake. Sema umekosea. Sema mwalimu ni Husseini, mimi mnaniita Bilali kwa utani. Ukisema kweli, saa zako zote zimesainiwa na mtu ambaye si mwalimu. Hutabaki hata na moja. Dada Fadhila. Hata moja."

"Fadhila?" sauti ya Brighton ilitoka katikati ya vidole. "Huyo mtu yuko hapo?"

Saa mia moja na ishirini. Jioni za miezi kumi na moja, mlango umefungwa, watoto wanagonga, mama, mama, na yeye anajibu subirini. Fadhila alikitoa kile kiganja juu ya simu, kidole kimoja baada ya kingine.

"Yuko hapa," alisema. "Nampa simu, ajisemee mwenyewe."

Akamnyooshea Bilali. Bilali akarudi nyuma hatua moja, mgongo ukagonga mlango wa friji.

Mkono ulioipokea simu ulikuwa wa Mwamini.

"Dar, habari za alasiri," alisema, kwa sauti yake mwenyewe safari hii. "Mimi ndiye niliyetua. Bilali ni mume wangu. Shika kalamu, kaka, maana daftari lake ninalo mimi, sasa ndiyo nayaelewa majina yaliyomo, na Husseini ni wa kwanza tu. Wapo wengine wanne, kila mmoja na namba yake."